Shahidi wa Kuzaliwa kwa Mitsugi

Waipahu, Oahu
30 Novemba 1941

Shangazi Toyo mpendwa,

Natumaini unaendelea vizuri huko Kona, na kwamba mgongo wa mumeo, Mzee Genzo, umepumzika sasa kwa kuwa mavuno ya kahawa yamekwisha. Sisi hatujambo. Baba bado yuko kwenye matanuri ya kiwanda cha sukari, na hata Jumapili ananukia molasi. Mama ameshaloweka figili kwenye pipa kwa ajili ya Mwaka Mpya. Mimi nimepata alama ya juu katika insha. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema nikiendelea hivi, chuo cha ualimu hakitanikataa. Sijamwambia Baba bado. Nasubiri siku atakayokuwa ameshiba.

Kaka Mitsugi amepandishwa daraja karakanani Pearl Harbor. Sasa anaruhusiwa kukata chuma kwa moto wa gesi bila kusimamiwa. Anajiona amekuwa mtu mkubwa. Jana kofia yake ya kazi ilikuwa juu ya meza ya chakula, Mama akaitupa nje, naye akaifuata akicheka.

Uliuliza mguu wake umefikia kipimo gani. Nimemwuliza: namba nane na nusu. Lakini Shangazi, nikuchokoze kidogo. Mimi ndiye ninayekuandikia tangu nina miaka tisa, na hujawahi kuuliza miguu yangu.

Mpwa wako,
Nobuyo


Kealakekua, Kona
6 Desemba 1941

Nobuyo binti yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia, maana kiti kimekaliwa na paka na hataki maneno. Tumevuna vizuri. Punda mmoja amekuwa mkaidi kama Mzee Genzo. Wakikutana njiani hapana anayempisha mwenzake.

Umenichokoza na umeshinda. Nitumie kipimo chako cha mguu. Kwa sasa natuma soksi jozi mbili za Mitsugi. Mwambie moto wa gesi hauna adabu, afunge mikono ya shati. Nasikia vijana wa karakana hukunja mikono ili wasichana waone misuli. Mwambie nimesema misuli ikiungua hairudi.

Habari ya chuo usimwambie baba yako akiwa ameshiba. Ndugu yangu namjua tangu tukiwa watoto, akishiba hulala. Mwambie akiwa anaoga.

Shangazi yako,
Toyo


Waipahu
21 Desemba 1941

Shangazi mpendwa,

Wote tuko hai. Nimeona nianze na hilo.

Naandika Kiingereza kwa sababu tumeambiwa barua za Kijapani zinakaa kwa mkaguzi majuma mengi. Mzee Genzo aliwahi kuwa mpishi wa Wazungu, kwa hiyo najua atakusomea. Mzee Genzo, shikamoo, na samahani kwa kazi hii.

Nitaandika yale tu ambayo kila mtu hapa aliyaona. Jumapili ile asubuhi tulikuwa tunakula. Ndege zilipita juu ya miwa, chini sana, hata nikamwona rubani na miwani yake. Baba alisema ni mazoezi ya jeshi. Mitsugi akatoka uani, akatazama, akarudi ndani na rangi imemtoka. Alisema ameona duara jekundu la Japani kwenye mabawa. Kisha upande wa bandari ukapanda moshi mweusi, mnene, wa mafuta, na vyombo vikaanza kulia kabatini.

Redio ikawaita wafanyakazi wote wa karakana. Mama alishika mlango kwa mikono miwili. Mitsugi akamwambia, "Mama, wanaita mafundi. Mimi ni fundi." Akapita chini ya mkono wake, akapanda baiskeli.

Alirudi Jumatano. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na hakuweza kula. Nilimwuliza nini kimetokea, akasema meli moja imepinduka tumbo juu, na kulikuwa na watu wanagonga kwa ndani. (Hapa mistari minne imekatwa kwa wembe.) Ndiyo maana hataki mlango wetu ugongwe. Mgeni akija sasa anakohoa. Kambi nzima ya wafanyakazi wa sukari imejifunza kukohoa.

Jumatatu watu walichoma vitu vya Kijapani kwenye tanuri la bafu la kambi. Nasi tulichoma kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Karakana imewarudisha nyumbani wote wenye damu ya Kijapani, na kila mmoja anatakiwa kuonyesha hati kwamba kazaliwa Hawaii. Hati yangu ipo, nilizaliwa hospitalini. Ya Mitsugi haipo. Kuzaliwa kwake hakukuandikishwa serikalini. Nikimwuliza Mama kwa nini, anakumbuka kitu jikoni. Wanakubali pia viapo vya mashahidi wawili waliokuwapo siku hiyo. Baba alikuwa shambani, na mkunga amefariki. Lakini Baba anasema mwaka ule wewe ulikuwa unaishi kwetu. Ulikuwapo? Kama ulikuwapo, tafadhali tuandikie upesi.

Nobuyo


Kealakekua
18 Januari 1942

Nobuyo,

Ni mimi Genzo ninayeandika. Shangazi yako anasema, mimi nasogeza kalamu. Barua yako imefika na dirisha katikati. Soksi mmezipata?

Tunashukuru mko hai. Mawimbi huku ni yaleyale, ila sasa yamewekewa waya wa miiba. Kahawa ipo, meli ya kuibeba haipo.

Kuhusu uliloandika, Toyo anasema mwaka ule alikuwa mgonjwa na mambo mengi hayakumbuki vizuri. Anasema hakuna haja ya yeye kuapa. Mama yako ana kile kisanduku cha mbao kilichotunza kipande cha kitovu cha Mitsugi. Juu ya kifuniko mkunga aliandika kwa mkono wake siku, mahali na jina la mzazi. Wapelekeeni hicho. Mkunga hakuwa mtu wa uongo.

Nimemwuliza kama ana jingine la kusema. Amesema mvua imekuwa nzuri.

Genzo, kwa niaba ya Toyo


Waipahu
2 Februari 1942

Shangazi mpendwa, na Mzee Genzo,

Poleni na kazi. Shule imefunguliwa leo. Tunakwenda na vinyago vya kuzuia gesi ya sumu begani, na tumechukuliwa alama za vidole kumi vyote. Baba ana kikohozi, cha kweli, si cha mlangoni. Mama hajambo kwa mwili.

Tarehe 24 Januari walikuja kumchukua Mitsugi. Walikuwa wawili, wapole, mmoja alivua kofia. Yuko kwenye kisiwa kile mbele ya bandari ya Honolulu, ndani ya mahema. Wanasema alijiandika raia bila ushahidi, akafanya kazi ndani ya ngome ya jeshi la majini. Baraza la maofisa litamsikiliza tarehe 27 Machi. Asipothibitisha, atapelekwa Marekani bara kwa meli, na nyambizi bado zinasubiri huko nje. Hakuna anayejua wanaopelekwa wanarudi lini.

Shangazi, niliandika kwamba tulichoma kidogo. Si kweli. Nilichoma mimi.

Jumatatu ile mchana Baba na Mama walikuwa wameitwa kiwandani kuandikishwa. Jirani alipita akisema mkuu wa shule ya Kijapani kachukuliwa, na popote palipo na maandishi ya Kijapani wanapekua. Nilikusanya kila kitu chenye herufi hizo. Barua zako zote, kalenda, picha ya babu. Nilikuwa na bidii kama siku ya usafi shuleni. Nilidhani nikifanya haraka, Mama atarudi akute nyumba salama na atanisifu. Ndani ya sanduku la nguo palikuwa na visanduku viwili vidogo, vyepesi kama kiberiti, cha Mitsugi na changu. Sikuvifungua. Niliona maandishi tu, nikavitupa tanurini pamoja na vingine.

Mama aliporudi aliangalia majivu. Akasema, "Vyote viwili?" Basi. Akaenda kuosha mchele.

Mitsugi hajui. Wewe ni mtu wa kwanza ninayemwambia. Na barua yenu ilipofika ikisema tupeleke kisanduku, nilikaa nayo siku nzima ndani ya kitabu cha jiografia.

Mama alikuwapo siku Mitsugi alipozaliwa, bila shaka, ni mama yake. Lakini hataki kuapa. Nilipiga magoti, nikamwambia ni jambo la kusema kweli tu mbele ya karani. Alijibu, "Mwandikie shangazi yako. Akisema yeye, nami nitasema." Sielewi. Baba naye ananiambia niende nikasome.

Nakuomba, hata kama unakumbuka nusu tu.

Nobuyo


Kealakekua
22 Februari 1942

Nobuyo,

Safari hii nasema mwenyewe, Genzo. Shangazi yako yuko shambani anapogoa mikahawa ambayo tulishaipogoa.

Nilipomsomea barua yako, nilipofika penye tanuri alinisimamisha, akaniomba nirudie. Nikarudia. Tangu hapo anakula kama ndege. Usidhani amekukasirikia. Nimeishi naye miaka kumi na saba, hasira yake naijua, ina kelele za sufuria. Hii haina kelele.

Tarehe 19 aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kijapani, akaipeleka posta kwa miguu. Nilimwonya itakaa kwa mkaguzi mpaka mahindi yaote juu yake. Akasema ndiyo hiyohiyo ataipeleka. Ndani mna nini sijui. Sikuambiwa, nami sikuuliza.

Ameniomba nimpeleke kwa hakimu tarehe 16 Machi, siku anayosikiliza kesi mjini Kailua. Kabla ya hapo hakimu hayupo. Hakusema ni kwa nini, lakini ameshaosha kimono yake kisha akakumbuka vazi hilo la Kijapani halivaliwi tena, akaosha gauni.

Vumilia.

Genzo


Waipahu
14 Machi 1942

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Mzee Genzo hajambo? Sisi tupo. Ijumaa wanafunzi tunapelekwa kupalilia miwa badala ya masomo, na Baba anacheka kwamba sasa ndiyo najifunza ualimu.

Barua yako haijafika. Zimebaki siku kumi na tatu. Siwezi kukaa. Nikianza hesabu naiacha katikati, nikianza kufagia naacha ufagio mlangoni na Mama anajikwaa.

Juzi nilikwenda Honolulu kwa basi, mpaka ofisi wanakokagua barua. Nilivaa sare ya shule ili waone mimi ni mwanafunzi. Askari wa mlangoni alitaka kunirudisha, nikamwambia kwa Kiingereza chote alichonifundisha mwalimu kwamba ndugu yangu atasikilizwa tarehe 27 na barua inayomhusu iko ndani humo. Akamwita mtu. Alikuja Mzungu mzee mwenye wino vidoleni. Alizungumza Kijapani cha zamani, kama cha wahubiri. Aliniuliza jina langu na jina la anayeniandikia. Nilipomwambia, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Siwezi kukupa leo," alisema. "Inasubiri sahihi ambayo si yangu."

Nikamwuliza kama barua ina makosa. Akasema haina kosa hata moja na kwamba hatakata neno. Kisha akaniuliza, "Mama yako yupo nyumbani?" Nikasema yupo. Akasema, "Siku itakapofika, isomeni mkiwa pamoja naye."

Shangazi, mtu nisiyemjua amejua jambo letu kabla yangu. Nilirudi nimesimama ndani ya basi safari nzima ingawa viti vilikuwapo.

Nobuyo


(Barua hii iliandikwa kwa Kijapani. Ilifika Waipahu tarehe 21 Machi.)

Kealakekua
19 Februari 1942

Nobuyo mwanangu,

Sisi wazima. Salamu ni hizo, leo sina nyingine.

Usilie kwa ajili ya kisanduku. Kosa la kwanza si lako. Nilipowaambia mkipeleke, nilikuwa natafuta kinywa cha kusema badala yangu. Kifuniko kile hakikuandikwa jina la mama yako. Kiliandikwa langu.

Nililetwa Hawaii na picha. Mwanamume wa Hamakua alitumiwa picha yangu, nami nikatumiwa yake, tukaozwa hivyo. Picha haikuonyesha pombe wala ngumi. Nilivumilia miaka miwili. Nilipojua nina mimba, nilipanda meli ya ng'ombe mpaka Oahu, kwa ndugu yangu, baba yako. Mama yako alikuwa bibi harusi wa miezi mitano tu. Alinifungulia mlango, hakuuliza nitakaa siku ngapi.

Mitsugi alizaliwa Waipahu, katika chumba hichohicho unacholala wewe, tarehe 9 Mei 1921. Mama yako alinishika mabega. Yule mtu alikuwa ananitafuta kambi kwa kambi, na kwa desturi mtoto alikuwa wake. Tukakubaliana watatu: asiandikwe serikalini popote ambapo angeweza kumpata, na aitwe mtoto wa ndugu yangu. Mama yako aliniahidi hatasema mpaka niseme mimi. Ameitunza ahadi hiyo miaka ishirini, na sasa anaitunza huku mtoto aliyemlea amefungwa. Sijui mtu mwenye nguvu kama yeye. Mwambie nimemfungua.

Baadaye yule mtu alirudi Japani akafia huko. Ningeweza kusema wakati ule. Lakini Mitsugi alikuwa na miaka minne, anamwita mama yako Mama. Nami nilikuwa nimempata Genzo, na nilimwambia kwamba sina mtoto. Uongo ukishalala kitandani na watu wawili ni vigumu kuuamsha.

Tarehe 16 Machi nitaapa mbele ya hakimu. Hakimu hajui Kijapani. Mkalimani wa kuaminika huku ni mmoja tu, naye ndiye anayelala upande wangu wa kulia. Nimejaribu kumwambia kabla. Kila jioni najaribu. Huenda itabidi anisikie siku hiyohiyo.

Wewe bwana mkaguzi unayesoma hapa, sina siri ya meli wala ya majeshi. Nina hii tu. Tafadhali usiikate.

Toyo


Kealakekua
17 Machi 1942

Nobuyo,

Ndani ya bahasha kuna hati ya kiapo, yenye muhuri. Isikunje.

Nakueleza ilivyokuwa ili usije ukasikia kwa watu wa kahawa. Hakimu aliuliza maswali, mimi nikitafsiri. Jina, umri, mwaka wa kufika Hawaii. Kisha akauliza shahidi amejuaje kwamba mtoto huyo alizaliwa Waipahu. Toyo akajibu. Hakimu akaniuliza kama sikusikia. Nikamwambia nimesikia.

Mkalimani hutakiwa kusema vilevile alivyosema shahidi, bila kugeuza. Kwa hiyo mimi, mzee wa miaka sitini na moja mwenye masharubu, nikasimama katika mahakama ya Kailua nikasema: "Kwa sababu mimi ndiye niliyemzaa." Karani aliangua kicheko. Hakimu akamkemea, kisha naye akajifanya anatafuta leso.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika penye mteremko Toyo akauliza kama nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, nimekasirika sana, miaka kumi na saba mtoto wake anatumiwa soksi mpya na mimi zangu zina matundu. Akaketi chini barabarani akalia mpaka punda akaja kumnusa.

Hasira yenyewe ninayo, sitakudanganya. Itapita au haitapita. Lakini hati ni safi. Neno sikubadili hata moja.

Genzo


Waipahu
6 Aprili 1942

Shangazi mpendwa na Mzee Genzo,

Bila shaka mmepata simu ya upepo ya Baba, yenye maneno mawili, "Yupo nyumbani." Alitaka kuongeza la tatu akakosa la kuchagua. Sasa niwaeleze.

Barua yako tuliisoma mimi na Mama, sakafuni. Mama aliisoma mara moja, akaikunja, akaniambia, "Haya. Lete viatu vyangu vya safari." Tarehe 27 alivaa viatu hivyo, akapanda basi na mimi. Baraza lilikuwa na maofisa watatu na raia mmoja. Waliposoma kiapo chako wakamwuliza Mama ilikuwaje, maana Mitsugi alikuwa ameandika kila mahali kwamba Mama ndiye mama yake. Mama alisimama na mkoba wake mbele, akasema, "Wifi yangu Toyo alimzaa. Mimi nilimshika mabega. Baada ya hapo nikamlea mtoto. Yote matatu ni kweli, andikeni yote."

Mitsugi alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwetu. Kwa hiyo aliyasikia hapo, mbele ya wageni, kama Mzee Genzo. Hakugeuka. Niliona masikio yake yakiwa mekundu. Walipomwuliza kama ana la kusema, akasema anaomba kurudi kazini, kwa sababu meli bado zimezama bandarini. Ofisa mmoja akaandika kitu.

Kazini hawajamrudisha. Lakini walimwachia siku ya Alhamisi. Nilimweleza habari ya tanuri, nikitegemea atanipiga kibao kama tulivyokuwa wadogo. Alisema nilichoma mbao tu. Kisha akaniuliza wewe, Shangazi, una urefu gani. Nikamwambia sijui, nilikuwa na miaka sita ulipokuja mara ya mwisho. Jana akamfuata Mama jikoni. Sikusikiliza, au nilisikiliza kidogo. Alimwuliza sasa amwiteje. Mama akamwambia akiacha kumwita Mama, chakula atajipikia.

Leo asubuhi alikwenda kuomba kibali cha jeshi cha kusafiri kwa meli hadi Kona. Fomu ni ndefu, kwa hiyo alikuja nayo nyumbani nimkagulie Kiingereza chake. Jina, sawa. Mahali alipozaliwa: Waipahu, Oahu. Hapo aliandika kwa herufi kubwa sana, hata zikatoka nje ya mstari. Nikafika penye sababu ya safari. Nilidhani ameandika kumtembelea shangazi. Alikuwa ameandika: "Kumwona mama yangu wa Kona, kwa mara ya kwanza."

Nikamwambia kwamba hiyo si kweli, wewe umewahi kuja hapa mara tatu. Mimi napenda mambo yaandikwe sawasawa. Akachukua fomu mkononi mwangu, akaitia bahashani bila kufuta kitu.

Nobuyo